Amsterdam hadi London: saa moja ya ndege, siku nzima ya maua

KATI ya uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, na ule wa Heathrow, London, kuna takribani kilomita 370 kwa mstari ulionyooka. Ratiba za mashirika ya ndege huiandikia safari hiyo saa moja na dakika 20 hivi, na muda ambao ndege huwa hewani hasa ni kama dakika 50 tu. Kwa mfanyabiashara wa Arusha au Nakuru, umbali huo hauonekani kuwa kitu. Ua lililovuka takribani kilomita 6,700 kutoka Nairobi hadi Amsterdam kwa saa nane litashindwaje kumalizia kipande kidogo namna hiyo kabla ya chai ya saa nne?

Lakini ua hilo halifiki London kwa saa moja. Kwa kawaida huchukua siku nzima, na karatasi zikiwa na kasoro huchukua zaidi. Mkulima wa waridi anayeuza kupitia mnada wa Uholanzi hulipia siku hiyo bila kuiona imeandikwa popote kwenye hesabu yake. Huambiwa tu kwamba soko limeshuka, au kwamba mzigo ulifika umechoka. Akitafuta ramani aone mzigo ulichokea wapi, anakuta miji miwili iliyokaribiana kama vidole vya mkono mmoja.

Inafaa kuanza na ndege yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha wengi. Ndege ya abiria ya masafa mafupi ikishafika juu hukimbia kilomita 800 kwa saa au zaidi. Kwa hesabu ya darasani, kilomita 370 zingekwisha ndani ya nusu saa. Haziishi kwa muda huo, kwa sababu kwenye safari fupi ndege hutumia sehemu kubwa ya muda ikipanda na kushuka. Haijakaa sawa juu, rubani ameshaanza kuiteremsha. Kabla ya kuruka nayo huwa imetembea ardhini. Njia ya kurukia iliyofunguliwa Schiphol mwaka 2003, inayoitwa Polderbaan, iko mbali na majengo ya abiria kiasi kwamba ndege inaweza kutumia zaidi ya dakika 10 ikiviringika kwa magurudumu. Upande wa pili, Heathrow ina njia mbili tu za kurukia na ni miongoni mwa viwanja vyenye msongamano mkubwa duniani, hivyo ndege huzungushwa angani kwenye moja ya maeneo manne ya kusubiri hadi zamu yake ifike. Mashirika yanalijua hilo, nayo huongeza dakika kwenye ratiba ili ndege isihesabiwe kuwa imechelewa.

Kwa hiyo hata kama ingepatikana ndege yenye kasi mara mbili, safari ya Amsterdam hadi London ingepungua kwa dakika chache tu. Anayepanda daladala saa za foleni anaelewa jambo hili bila kuelezwa: injini kubwa haisaidii kitu pale ambapo gari limesimama.

Upo pia mtego wa saa. Amsterdam iko mbele ya London kwa saa moja mwaka mzima. Ndege inayoondoka Amsterdam saa 3:00 asubuhi huonekana kwenye tiketi ikifika London saa 3:20 asubuhi, kana kwamba safari ni ya dakika 20. Ikirudi, inaondoka London saa 4:00 asubuhi na kufika Amsterdam saa 6:20 mchana, kana kwamba safari ni ya saa mbili na dakika 20. Safari ni ile ile. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika. Wakala anayepanga dereva wa kupokea mzigo kwa kusoma tiketi haraka haraka anaweza kukosea kwa saa nzima.

Kwa Afrika Mashariki, ambako saa hazibadilishwi, hesabu hiyo inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mnada wa maua wa Aalsmeer, ulio jirani na Schiphol, ukianza saa 12 asubuhi ya Uholanzi, Nairobi na Dar es Salaam ni saa 1 asubuhi katika majira ya joto ya Ulaya, na saa 2 asubuhi katika majira ya baridi. Mwenye shamba anayetaka kumpata wakala wake kabla mauzo hayajaanza anapaswa kujua yuko katika majira yapi.

Abiria naye hajitendei haki akihesabu ile saa moja na dakika 20 peke yake. Anayetoka katikati ya Amsterdam huanza kwa treni ya dakika 15 hivi hadi Schiphol. Hutakiwa kufika kama saa mbili kabla ya ndege kuruka. Akitua Heathrow hupanga foleni ya pasipoti, husubiri begi, kisha husafiri tena zaidi ya kilomita 20 hadi katikati ya London. Jumla yake kwa urahisi ni saa tano. Treni ya Eurostar, iliyoanza kwenda moja kwa moja kutoka London hadi Amsterdam mwezi Aprili 2018, hutumia takribani saa nne kutoka kituo cha katikati ya mji mmoja hadi cha katikati ya mji mwingine, ingawa hukimbia kwa kasi ndogo mno ikilinganishwa na ndege. Si ajabu kwamba watu wa huko wenye shughuli zao wamegawanyika, wengine wakipanda treni na wengine wakibaki na ndege.

Mfanyabiashara mdogo anayekwenda kwenye maonyesho ya maua Uholanzi na kupanga kupitia London kuonana na wanunuzi akumbuke kikwazo ambacho hakimo kwenye ratiba yoyote. Viza ya Schengen inayomwingiza Uholanzi haimwingizi Uingereza, wala ya Uingereza haimfikishi Amsterdam. Ni maombi mawili, ada mbili na majibu mawili ya kusubiri. Kilomita 370 zisimdanganye akadhani anavuka kama anayetoka Moshi kwenda Arusha.

Mambo ya mzigo ndiyo yenye uzito zaidi kwa msomaji wa kurasa hizi, na hapo liko jambo ambalo wakulima wengi hawajawahi kuambiwa. Mzigo unaoandikiwa hati ya ndege kati ya miji ya Ulaya iliyo karibu mara nyingi haupandi ndege kabisa. Hupakiwa kwenye lori. Mashirika ya ndege huyapa malori hayo namba za safari kama zile za ndege, na mzigo huendelea kusafiri kwa hati ile ile ya mzigo wa ndege. Kwenye karatasi unasomeka kama umeruka kutoka Amsterdam kwenda London, kumbe umepita barabarani na kuvuka bahari kwa meli au kwa handaki.

Hakuna ulaghai hapo. Utaratibu huo ni wa miaka mingi na una sababu nzito. Ndege nyingi zinazofanya safari hiyo fupi ni ndogo, na matumbo yake hayapokei zile palati kubwa zinazoshushwa kutoka ndege za mizigo za Nairobi. Mzigo ungelazimika kufumuliwa, kupangwa upya, kupita ukaguzi wa usalama na kufikishwa uwanjani saa kadhaa kabla ya ndege kuondoka. Hadi taratibu hizo ziishe, lori la jokofu limeshafika mbali. Tena lori hupakiwa mlangoni kwa muuzaji na kushushiwa mlangoni kwa mnunuzi, na maua hayaguswi katikati ya njia. Kila mara boksi linapotolewa kwenye baridi na kuwekwa sakafuni, ua hupoteza sehemu ya maisha yake. Joto likipanda kwa nyuzi 10, upumuaji wa ua huongezeka mara mbili au zaidi, na akiba ya sukari iliyomo ndani yake huliwa kwa kasi hiyo hiyo.

Barabara yenyewe si ya kilomita 370. Lori linaloshuka kupitia Ubelgiji hadi Calais, Ufaransa, na kuvuka hadi Dover, husafiri zaidi ya kilomita 500 kabla ya kuingia London. Kuvuka maji kwa meli kati ya Calais na Dover huchukua takribani saa moja na nusu, na treni inayobeba malori ndani ya handaki hutumia dakika 35. Njia nyingine ni meli ya usiku kutoka Hook of Holland hadi Harwich, ambayo humpa dereva nafasi ya kulala na kuanza safari ya London asubuhi. Zikiunganishwa saa za kununua mnadani, kufungasha, kupakia, kuendesha, kuvuka na kushusha, waridi lililouzwa Aalsmeer asubuhi ya leo huwa kwa muuza maua wa London kesho. Mtu anayeweza kufanya hivyo kila siku bila kukosa amefanya kazi kubwa, na Waholanzi wanastahili sifa yao.

Biashara ya vitu visivyosubiri kati ya miji hii miwili haikuanza na maua. Safari ya kwanza kabisa ya shirika la KLM, tarehe 17 Mei 1920, ilikuwa kutoka uwanja wa Croydon, London, kwenda Amsterdam. Ndani walikuwamo waandishi wa habari wawili, na mzigo uliobebwa ulikuwa ni magazeti. Gazeti na waridi ni ndugu kwa tabia moja: vyote viwili kesho yake havina bei. Aliyewaza kulipia ndege kwa ajili ya magazeti alikuwa amekwisha kuelewa kwamba msafirishaji huuza muda, na kilomita ni njia tu ya kuupata.

Jinsi muda huo unavyoweza kubadilika wakati umbali umebaki pale pale ilionekana wazi tarehe 1 Januari 2021. Siku hiyo Uingereza, iliyokuwa imejiondoa Umoja wa Ulaya mwaka mmoja kabla, ilikamilisha kutoka kwenye soko la pamoja na umoja wa forodha. Lori lililozoea kutoka Aalsmeer hadi London kama linalokwenda wilaya ya jirani likaanza kuhitaji tamko la forodha, taarifa ya kabla na karatasi za mimea. Masharti mengine yaliahirishwa mara kadhaa, kisha mwaka 2024 yakaingia kwa awamu: vyeti vya afya mwishoni mwa Januari, na ukaguzi wa macho mipakani kwa mimea na bidhaa za wanyama za daraja la kati la hatari mwishoni mwa Aprili. Jua linachomoza pale pale na bahari haijapanuka hata mita moja, lakini safari imekuwa ndefu kwa kadiri ya saa ambazo lori moja linaweza kusimamishwa kwa sababu ya tarakimu moja iliyokosewa.

Kwa maua ya Afrika Mashariki suala halikuwa saa peke yake. Mwezi Aprili 2024, Uingereza ilisimamisha kwa muda ushuru wa asilimia 8 kwenye maua yaliyokatwa, na ikaeleza kuwa nafuu hiyo inayahusu hata yale yanayopitia nchi ya tatu kabla ya kufika kwake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuzingatiwa. Kenya ilikuwa na mkataba wake wa kibiashara na Uingereza, uliosainiwa Desemba 2020, na ua lililokwenda London moja kwa moja lilijulikana ni la wapi. Lililopita Uholanzi likachanganywa na mengine mnadani lilikuwa na maelezo marefu zaidi ya kutoa mpakani. Kituo kimoja njiani kinatosha kubadili hadhi ya bidhaa, na mkulima aliyeko Naivasha au Tengeru hana habari.

Mfano wa kukadiria unaweza kusaidia. Chukulia waridi lina siku 12 za uhai tangu likatwe. Siku moja inakwisha shambani na kwenye chumba cha baridi, ya pili barabarani na uwanja wa ndege, ya tatu angani na kwenye ukaguzi Uholanzi, ya nne mnadani. Likiuzwa Uholanzi, linafika dukani likiwa na siku saba au nane. Likiendelea London linabaki na sita au saba, na lori likilala mpakani usiku mmoja linabaki na tano. Maduka makubwa ya Uingereza huandika kwenye shada idadi ya siku ambazo ua litadumu, mara nyingi tano au saba. Tofauti ya siku moja ndiyo tofauti kati ya shada linalouzwa kwa bei kamili na lile linalowekwa ndooni mlangoni kwa nusu bei. Kilomita 370, ambazo ni kama asilimia tano tu ya safari yote, zinaweza kula siku nzima kati ya siku chache zilizobaki.

Je, mkulima aachane na Amsterdam apeleke London moja kwa moja? Wakubwa wengi wa Kenya wamefanya hivyo kwa sehemu ya mazao yao: hufunga mashada huku huku, wakabandika bei ya duka la Uingereza na kupakia ndege inayotua London. Siku moja inaokolewa. Ila anayefanya hivyo hujifunga kwa mnunuzi mmoja au wawili, kwa viwango vyao na kwa tarehe zao za malipo, na mwenye ekari chache hana kiasi cha kutosha kutimiza oda ya kila wiki. Mnada una faida ambayo haipaswi kubezwa. Mshale wa bei huanzia juu na kushuka, wa kwanza kubonyeza ndiye anayenunua, bei inaonekana na kila mtu na fedha hailali muda mrefu. Kwa mkulima mdogo, kuukimbia mnada ili kuokoa siku moja ni sawa na kuuza ng'ombe kwa sababu ya kupe. La maana ni kuijua bei ya siku hiyo na kuiingiza kwenye hesabu kabla ya kukubali bei ya shambani.

Hilo linaanza na maswali ambayo wasafirishaji wengi hawayapendi. Mzigo unauzwa wapi hasa, na unaishia wapi? Hati ya ndege inaposema London, je, kipande cha mwisho ni ndege au lori? Ndege ya mizigo yenyewe inatua Schiphol, au Liège nchini Ubelgiji, ambako nako kuna lori la zaidi ya kilomita 200 hadi Aalsmeer? Nani anabeba hasara mzigo ukikwama mpakani: mkulima, msafirishaji au mnunuzi? Mikataba mingi ya wakulima wadogo hukaa kimya juu ya swali la mwisho, na ukimya huo kila mara humwangukia aliye chini. Mahali pa kuuvunja ni kwenye mkataba, kwa sentensi moja inayotaja saa na mahali ambapo dhima ya mkulima inakoma. Kikundi cha wakulima kikiidai kwa pamoja kitasikilizwa. Mmoja mmoja wataambiwa wakauze kwingine.

Wasafirishaji wana hoja yao, na ni ya haki. Mpakani hawana mamlaka, na mzigo mmoja wenye mdudu unaweza kuharibu siku ya malori mengi. Umoja wa Ulaya ulikaza masharti ya waridi kutoka Afrika kuanzia mwishoni mwa Aprili 2025 kwa sababu ya nondo ambaye kiwavi wake hujificha ndani ya tunda na hata ndani ya ua. Kiwavi huyo haoti barabarani kati ya Amsterdam na London. Hutoka shambani, na mwenye shamba ndiye wa kwanza kuweza kumzuia.

Siku hizo chache hazipotei Ulaya peke yake. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maua na mboga za Arusha na Kilimanjaro imekwenda kwa lori hadi Nairobi ndipo ikapanda ndege. Barabara hiyo ina takribani kilomita 270, pungufu ya umbali wa angani kati ya Amsterdam na London, nayo ina mpaka wake wa Namanga, ambao kituo chake cha pamoja cha forodha kilizinduliwa rasmi mwaka 2018 ili lori lisisimame mara mbili. Anayelalamikia foleni ya Dover alinganishe na muda ambao boksi lake linakaa juani likisubiri kupakiwa nyumbani. Saa moja kwenye kivuli cha mti Usa River, nyuzi 28 za joto, inaweza kulidhuru ua kuliko saa nyingi ndani ya lori la jokofu lililosimama Calais.

Ipo siku Ulaya yenyewe ilionyesha jinsi kipande kifupi kinavyoweza kufunga njia ndefu. Aprili 2010, majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga ya sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku kadhaa. Amsterdam na London zilifungwa pamoja. Mashamba ya Kenya yalitupa maua kwa tani na vibarua wakarudishwa nyumbani. Watu wa miji ile miwili bado waliweza kusafiri kati yao kwa treni, meli na malori, lakini hakukuwa na ua jipya la kupakia, kwa sababu sehemu ndefu ya safari haina njia mbadala kwa bidhaa isiyosubiri.

Mwezi Mei 2025 serikali ya Uingereza na Umoja wa Ulaya zilitangaza nia ya kufikia makubaliano ya afya ya mimea na wanyama, ambayo lengo lake ni kuondoa sehemu kubwa ya vyeti na ukaguzi kati yao. Yakitekelezwa, lori la Aalsmeer litarudi kukimbia karibu kama zamani na gharama yake itashuka. Kushuka huko hakutamfikia mkulima kwa posta. Wanunuzi watakaa mezani kugawana nafuu hiyo, na atakayeweza kudai fungu lake ni yule mwenye daftari linaloonyesha, mzigo kwa mzigo, saa aliyokabidhi, saa uliyofika na bei aliyokatwa kwa sababu ya kuchelewa.